Jumatano Bila Baraza

Bakuli lenyewe lilikuwa la plastiki, la buluu, lile ambalo Kihiyo alizoea kulia maharage kabla halijapandishwa cheo. Asubuhi hiyo lilizunguka mezani, kila mtu akabandua kibandiko chake nyuma ya sikio na kukitumbukiza humo. Zaituni Shemdoe, mkuu wa kituo, alitoa chake mwisho, akalifunika bakuli kwa sahani.

"Haya jamani," alisema. "Tuonane jioni."

"Tukijaliwa," alijibu Kihiyo, fundi wa minara, huku akijikuna palipokuwa na kibandiko. "Leo hata jino langu litaniuma mimi peke yangu."

Walicheka, kwa sababu jino hilo lilikuwa limewasumbua wote tangu Jumatatu. Pendael, mhandisi wa nyavu, alikuwa ameshika shavu siku mbili nzima na meno yake hayana hata doa.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha ya baraza. Ukiajiriwa kwenye kituo cha kuvuna ukungu, huko juu milimani Lushoto, unabandikwa kibandiko siku ya kwanza, na kuanzia asubuhi hadi jioni akili yako imo kwenye kikao kimoja na wenzako, kikao kisichofunguliwa wala kufungwa. Huulizi kitu. Ukitaka kujua mnara gani umeziba, anayejua amekwisha kukujulisha kabla hujafumbua mdomo. Waliobuni mtambo huo waliapa kwamba utamaliza vikao kazini. Ukweli ni kwamba ulimaliza kila kitu isipokuwa vikao.

Pendael angekueleza vizuri zaidi. Ukungu ulikuwa unapungua mwaka hadi mwaka, nyavu za zamani hazikuwa tena zikikamata maji ya kutosha, na yeye ndiye aliyekuwa na kazi ya kubuni wavu mpya kabla ya kiangazi. Hesabu alikuwa nayo. Ila kila alipokaribia kuimaliza, aliingiliwa na homa ya mtoto wa mtu, au koki inayovuja, au hamu ya Kihiyo ya chapati, na hesabu ikamwagika. Ndipo Zaituni alipoitenga Jumatano. Siku moja katika juma, baraza lizimwe, kila mtu abaki na kichwa chake na kazi yake. Jumatano ya kwanza ilipokwisha, Pendael alitoka chumbani macho mekundu, karatasi mkononi, akisema, "Kumbe kichwa changu nacho kina sauti!" Wakubwa wa mkoani walipopata habari, walituma pongezi.

Hii ilikuwa Jumatano ya pili, na Zaituni alikuwa anajisikia mtu wa maana sana. Alitembea ukumbini akifurahia ukimya kama aliyeununua kwa fedha yake.

Alasiri, Kihiyo aliingia mbio, matope hadi magotini.

"Zai! Maji yamejaa sokoni huko bondeni. Makabichi ya watu yanaelea!"

Walikimbilia chumba cha koki. Hapo alikaa Mama Nakiete Mmbaga, mkubwa wao kwa umri, mwanamke aliyesimamisha minara ya mwanzo kabla Zaituni hajajua ukungu unaweza kunywewa. Ndiye aliyempokea Zaituni alipofika na cheti chake na viatu vya mjini, akamtafutia mabuti, akamfundisha kazi bila kumdharau hata mara moja. Zaituni alimpenda kama anavyopendwa mama, na alimwogopa kidogo pia.

Kazi ya Mama Nakiete ilikuwa kugawa maji. Ukifungua koki ya tangi la juu, unafunga ya chini. Sasa zote mbili zilikuwa wazi, na yeye alikuwa ametulia kwenye kiti, mikono mapajani, akiangalia dirishani.

"Mama, koki ya chini iko wazi," alisema Zaituni.

"Nimefunga."

"Iko wazi, mama."

"Zaituni, nimesema nimefunga." Sauti ilikuwa kali, lakini macho yaliiangalia koki kama mtu anayemwangalia mgeni ambaye hakumbuki walikutana wapi.

Zaituni aliifunga mwenyewe. Hakuna aliyeumia bondeni. Yaliharibika mazao na ukuta wa ghala moja. Jioni aliwaarifu wakubwa kwamba koki ilipata hitilafu. Uongo huo ulimtoka kwa urahisi uliomshangaza, na usiku haukumpa usingizi wa maana.

*

Alhamisi vibandiko vilirudi mahali pake, na Mama Nakiete naye akarudi. Huwezi kusema vinginevyo. Aliingia akiwa mkali, mcheshi, majibu mdomoni. Alimtania Kihiyo juu ya jino, akamkumbusha Pendael kipimo cha uzi alichokuwa amekisahau. Zaituni alipumua. Labda jana mama alikuwa amechoka tu.

Wakati wa chai, Pendael alisema anataka kutundika kibao kwenye mnara wa kwanza kabisa, siku wavu mpya utakapozinduliwa.

"Hivi wa kwanza ulikuwa upi?" aliuliza.

Zaituni aliwaza, Mkuyuni. Siku zote aliwaza Mkuyuni, ingawa alikwisha kuambiwa si huo.

"Mkuyuni," alisema Mama Nakiete bila kusita.

Kikombe cha Zaituni kilikwama kabla ya kufika mdomoni. Mtu aliyemsahihisha kuhusu Mkuyuni, tena kwa kumcheka mbele ya watu, alikuwa Mama Nakiete mwenyewe. Mnara wa kwanza ulikuwa wa Kwa Shemboko, ule ulioangushwa na upepo, na mama alikuwa ameulilia kama maiti. Zaituni alipokumbuka hayo tu, alisikia wazo likimtoka, wepesi fulani nyuma ya sikio.

"Hapana, ngoja," alisema Mama Nakiete. "Nasema nini mimi! Kwa Shemboko. Upepo uliuangusha. Nililia, wacha tu."

Alichofanya Zaituni baada ya hapo hakujisamehe kwa muda mrefu. Alifumba macho, akauchora mnara ule kichwani, akaupaka rangi nyekundu. Mnara ule haukupata kupakwa rangi yoyote. Ulikuwa wa miti mitupu. Aliushikilia wekundu ule kwa nguvu zake zote.

"Ulikuwa unapendeza," alisema Mama Nakiete huku akichovya andazi kwenye chai. "Tuliupaka rangi nyekundu, ungeuona toka barabarani."

Zaituni alinyanyuka, akasingizia simu, akaenda nyuma ya jengo kulia.

Kihiyo alimfuata, kwa sababu kilio kile kilikuwa kimemfikia kabla ya yeye kujua sababu yake. Zaituni alibandua kibandiko chake, akamwashiria naye abandue. Akamweleza. Kihiyo alisikiliza mdomo wazi, kisha akajishika kichwa.

"Mkubwa atangulie," alisema.

"Nini?"

"Hukumbuki tulivyoutegesha mtambo? Mafundi walisema, jibu likiwa kwa watu wengi kwa wakati mmoja, litamkwe na aliye karibu. Sisi tukakataa. Tukasema si adabu, kijana hawezi kumtangulia Mama Nakiete kusema. Tukawaomba waweke kwamba mkubwa atangulie." Alikaa chini kwenye tofali. "Kila tulichokijua sisi tumekuwa tukikisikia mdomoni mwake, Zai. Halafu tunatingisha vichwa, mama yuko vizuri, mama hasahau kitu."

Ilikuwa kweli. Katika vituo vingine huko duniani mtu akianza kusahau, wenzake wangelijua ndani ya juma moja. Wao walimheshimu mpaka wasimwone. Kila shimo lililofunguka kichwani mwake walilifukia haraka kwa mawazo yao wenyewe, kisha wakaja kulisifia.

"Sasa?" aliuliza Kihiyo.

"Naifuta Jumatano," alisema Zaituni. "Baraza likiwa wazi siku zote, hana tatizo. Anafanya kazi yake, anastaafu kwa heshima, hakuna atakayejua."

"Na wavu?"

Zaituni alitazama bondeni. Pendael alihitaji Jumatano kadhaa zaidi. Bila wavu mpya, kiangazi kingewakuta watu wa bondeni na mabomba makavu, na alizifahamu nyuso za baadhi yao. Lakini uso wa Mama Nakiete aliufahamu zaidi.

*

Jumapili alibeba sukari na majani ya chai, akapanda hadi nyumbani kwa Mama Nakiete, nyumba ya matofali yenye bustani ya karoti. Mama alikuwa ametoka kanisani, kitenge kizuri kiunoni, miguu peku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, karibu. Leo bosi kapanda mlima mwenyewe!" Kisha akamwangalia vizuri. "Umekuja kuniambia habari ya koki."

Zaituni alikuwa amepanga maneno njiani. Yote yalimpotea. Alijikuta anaeleza ovyo ovyo, ameanza na Jumatano kufutwa, akaruka kwenye mnara, akarudi kwenye rangi nyekundu, akaomba radhi katikati. Mama Nakiete aliendelea kumenya viazi, taratibu.

"Basi, basi. Utajinyonga na maneno," alisema. "Kwani unadhani sijui?"

"Unajua?"

"Tangu Jumatano ile ya kwanza. Nilibandua kile kidude, nikaenda chumbani kwangu pale kituoni, nikasimama mlangoni. Sikujua mlango ule ni wa nini. Niliogopa, Zaituni. Niliogopa sana." Aliweka kisu chini. "Nikajikalisha. Nikasema, ngoja nione nimebaki na nini. Nikaanza kupapasa humo ndani kama mtu aliyezimikiwa taa. Na unajua nilimkuta nani? Mume wangu."

Zaituni alimkumbuka marehemu Baba Elieneza. Mtu mrefu, mpole, aliyekuja kwenye sherehe za kituo na kreti ya soda begani.

"Huyo huyo," alisema Mama Nakiete, ingawa Zaituni hakuwa amefumbua mdomo. Uso wake ulitosha. "Mrefu, mpole, ana soda. Ndivyo mnavyomjua ninyi. Na mimi kwenye baraza ndivyo ninavyomkumbuka, kwa sababu ya kwangu yamepungua na ya kwenu yanajaa. Mwaka mzima nimekuwa na mume mpole mwenye kreti ya soda. Kumbe mume wangu hakuwa mpole hata kidogo! Alikuwa akipiga kelele chumvi ikizidi mpaka kuku wanakimbia. Nilikuwa nimempoteza yule, mwanangu. Mmenipa mwingine, mwema kuliko yeye, nami nikampokea. Jumatano ile nilimpata wangu."

Alicheka, kisha machozi yakamtoka palepale, akayafuta kwa kiganja chenye maji ya viazi.

"Siku nyingine zote nina akili, lakini sijui ni ya nani. Jumatano sina akili, lakini hicho kidogo kilichopo ni changu. Usiniondolee siku hiyo."

"Mama, mtu angeweza kufa kule sokoni."

"Ndiyo. Kwa hiyo koki nazitoa mikononi mwangu, siku zote. Shika wewe. Na hao wakubwa waambie ukweli, usiniwekee hitilafu mimi. Na wavu wa yule kijana ukikamilika nitaaga, kwa miguu yangu, tule pilau." Alimkazia macho. "Na ile habari ya mkubwa atangulie mkaitoe. Mmenipa sifa za bure kiasi kwamba nilianza kuziamini."

"Hutaki nikusaidie na Jumatano yenyewe? Utakuwa peke yako, umepotea..."

"Kupotea nitapotea. Njoo ukae." Alirudia viazi vyake. "Ila kaa kama mtu, usije na kidude."

*

Jumatatu Zaituni aliwapigia wakubwa, akawaeleza ukweli wa koki, akianza na uongo wake mwenyewe. Walifoka, wakampa onyo, wakamtaka Mama Nakiete aonwe na daktari, jambo ambalo mama alikuwa amekwisha kulifanya. Kihiyo aliwaita mafundi wakabadilisha mtambo. Siku hiyo baraza lilijaa sauti za watu waliokuwa hawajazoea kusikika, na Pendael alijibu swali kwa mdomo wake akashtuka mwenyewe. Mama Nakiete alikuwa kimya kuliko kawaida. Kila mtu aliyaona sasa yale mashimo, na iliwauma, na waliendelea na kazi.

Jumatano bakuli lilizunguka. Zaituni aliangalia koki, zote zilikuwa kama zinavyotakiwa, akachukua kiti chake na kukipeleka chumbani kwa Mama Nakiete.

Mama alikuwa dirishani. Aligeuka, akamwangalia kwa upole, kwa adabu, vile mtu anavyomwangalia aliyebisha hodi kwa mara ya kwanza.

"Karibu, binti. Unaitwa nani?"

Zaituni alikuwa amejiandaa kwa mengi, si kwa hilo. Miaka yote ile, mabuti, matope, matusi ya utani, kuitwa mwanangu. Bakuli lilikuwa hatua chache tu, ukumbini. Angeweza kulifunua, kumbandika mama nyuma ya sikio na yeye mwenyewe pia, na jina lake lingefika kabla ya pumzi. Lingekuwa jina linalotoka kwa Zaituni na kurudi kwa Zaituni.

"Naitwa Zaituni, mama."

"Zaituni. Mimi Nakiete. Umekuja kufanya kazi?"

"Nimekuja kukaa na wewe."

"Hata hiyo ni kazi," alisema Mama Nakiete, akamsogezea nafasi.

Walikaa. Ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukapita kwenye nyavu. Mama alizungumza kidogo, akapotea, akarudi. Mara tatu alimwuliza jina na mara tatu Zaituni alimpa bila kuongeza kitu. Kisha, bila kuulizwa, mama akaanza.

"Mume wangu alikuwa hajui kuogelea. Lakini alinidanganya anajua. Tulipochumbiana alinipeleka mtoni, akavua shati, akajitupa. Maji yenyewe yalimfika magotini! Akawa anatapatapa humo, anapiga mikono, anajifanya anaogelea, na mimi nimesimama nayaona magoti yake. Nikasema moyoni, huyu ananipenda. Sikumwambia kwamba niliona. Sikumwambia mpaka amekufa."

"Hukumwambia hata siku moja?"

"Angeona aibu. Usije ukaipamba hadithi hiyo," mama aliongeza ghafla, kidole juu. "Watu wanapenda kupamba. Sema magoti. Usiseme kiuno."

"Magoti, mama. Sitaongeza kitu."

"Rudia."

Zaituni aliirudia. Alipokosea mahali pa shati, mama alimsahihisha, na Zaituni akairudia tena tangu mwanzo. Hakuwahi kubeba kitu kwa uangalifu namna ile, si hesabu, si kipimo cha maji ya mji mzima. Aliirudia jioni akishuka mlima, akairudia akipika, akijizuia kila mara kumfanya yule mwanamume mrefu awe mpole.

Alhamisi asubuhi alisita na kibandiko mkononi kuliko wenzake wote. Kisha akakibandika.

Mama Nakiete alikuwa anamimina chai. Zaituni alisikia ule wepesi nyuma ya sikio, kitu kikimtoka, kizima. Birika likasimama hewani. Mama alianza kutabasamu, kisha kucheka, kicheko cha msichana, mpaka ikabidi aliweke birika chini.

"Mama, kulikoni?" Kihiyo aliuliza. "Unacheka nini?"

"Namcheka mume wangu." Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Alijitupa mtoni kunionyesha anajua kuogelea, na maji yamemfika magotini."

"Mzee wa soda?" Pendael alishangaa. "Yule mpole?"

"Mpole nani? Nyie hamkumjua." Mama Nakiete aligeuka, akamtafuta Zaituni kwa macho juu ya vichwa vyao, akampata. "Magotini, Zaituni," alisema. "Sivyo?"

"Ndivyo, mama," alisema Zaituni. "Magotini."